DiI kwenye ubongo wa kifaranga: uzoefu wangu

Nilitaka kuona nyuzi za neva za jicho la kifaranga zinaishia wapi kwenye ubongo. Rangi nyingi za kufuatilia neva, kama BDA, husafirishwa na seli yenyewe, kwa hiyo lazima mnyama awe hai. Mimi nilikuwa na viinitete vya siku 12 vilivyokwisha kuhifadhiwa kwenye paraformaldehaidi ya asilimia 4. Nikachagua DiI.

Rangi hii haihitaji uhai. Hupenda mafuta, basi ikigusa utando wa seli huzama humo na kusambaa pole pole kuufuata uzi wa neva hadi nchani. Tangu 1987 inajulikana kwamba inafanya kazi hata kwenye tishu iliyohifadhiwa.

Nilinunua ya punje. Kwa ncha ya pini ya kubandikia wadudu nilichukua punje moja, ndogo kuliko chembe ya chumvi, nikaipachika pale neva inapotoka kwenye retina na kuiziba kwa agarosi (jeli ya maabara) isielee. Kisha chupa nikaizungushia foili na kuiweka kwenye inkubeta, nyuzijoto 37, wiki 4.

Wiki 4 ni nyingi, nakiri. Lakini nilipomulika vipande kwa mwanga wa kijani chini ya hadubini ya fluoresensi, nyuzi ziliwaka rangi ya chungwa, uzi mmoja mmoja. Kutoka jicho la kulia zilivuka kwenda tektamu ya kushoto, sehemu ya ubongo inayopokea habari za jicho. Nilishasoma kwamba kwa ndege karibu zote huvuka. Kuziona zikivuka kulinitoa machozi.

Vipande vya kwanza nilivipoteza. Nilitaka kuongeza kingamwili, protini za kutia alama seli, nikavitia Triton kama kawaida ya maabara. Sabuni hiyo huyeyusha mafuta ya utando, na rangi imo humo humo: ikavuja, kila mahali pakawa pekundu. Alkoholi nayo hivyo hivyo, kwa hiyo sahau kugandisha tishu kwenye nta. Kata kwa mashine ya wembe unaotetema, funika kwa bafa (maji ya chumvi ya maabara), piga picha siku ile ile kabla rangi haijatambaa.

Kwa ubongo mkubwa wa mnyama aliyekomaa siipendekezi, mwendo wake ni mdogo mno. Kwa kiinitete sijaona ya kuishinda. Safari ijayo jicho la kushoto nitalitia DiO, ya kijani, nizione rangi mbili zikipishana.