Kliniki ya methadoni Dar: miezi 26 na mdogo wangu, na jibu langu kwa wanaosema mateja wanyongwe

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya foleni na nauli, ntafika huko.

Naandika kwa ajili ya familia zenye mtu anayetumia unga (heroini) na hazijui pa kuanzia. Mdogo wangu wa mwisho alianza kwa kuvuta, akaja kujidunga, jumla karibu miaka tisa. Aliuza tivii ya mama, mtungi wa gesi, mpaka mabati ya banda la kuku. Kwanza tulimpeleka soba hausi moja (nyumba ya kuachia dawa za kulevya), jina siliweki, tukalipa hela ya kukopa kikoba, arosto yote (maumivu ya kukosa unga) akaipitia kwenye godoro bila dawa yoyote, siku arobaini akatoka na wiki ya pili yupo maskani. Sisemi zote ziko hivyo, nasema ilivyotukuta sisi.

Kliniki ni ya serikali, iko ndani ya hospitali, dawa yenyewe, methadoni, ni ya kunywa badala ya unga na ni bure kabisa hakuna wa kukuomba hata mia. Huduma hii ilianza Muhimbili 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, sasa ipo na mikoani, Zanzibar nao wanayo. Sisi tuliletwa na kijana wa asasi wanaopita vijiweni, yeye mwenyewe alishatumia akaacha, ndo maana mdogo wangu alimsikiliza kuliko alivyotusikiliza sisi wote na vikao vyetu vya ukoo. Wakampima mkojo, damu, homa ya ini, kifua kikuu, akaongea na mshauri, ndo akaandikishwa. Kila asubuhi unafika dirishani, wanakuhakiki, unapewa dawa kwenye kikombe kidogo, unakunywa mbele ya mfamasia na unaongea neno moja mbili wajue umemeza kweli. Basi. Arosto haiji, na akili inabaki yake.

Niseme alivyo sasa. Anafanya kazi kwa fundi wa madirisha ya alumini, analala nyumbani, na mama ameacha kulala na pochi chini ya mto. Hilo la pochi naona ndo kubwa kuliko yote.

Mapungufu: ni kila siku, jumapili, idi, mvua, kila siku, na sisi tunakaa mbali, daladala mbili kwenda mbili kurudi. Kuna wenzake waliacha si kwa kurudia unga kwanza, waliacha kwa kukosa nauli, halafu wakarudia. Waliokaa vizuri muda mrefu wanaruhusiwa dozi za kubeba nyumbani ila kufika huko ni safari. Foleni siku nyingine inavuka saa mbili asubuhi na bosi kazini haelewi. Wauguzi ni watu wazuri ila ni wachache.

Sasa kilichonifanya niandike yote haya. Juzi kwenye msiba mjomba wetu aliongea mbele ya watu, mdogo wangu akiwa amekaa hapo hapo, kwamba serikali inapoteza hela kuwapa mateja dawa, wangefanya kama Singapore, wanyonge, unga ungeisha. Na watu wakaitikia. Mjomba nakuheshimu, shikamoo yako iko palepale, ila kuna mwaka mdogo wangu alikuwa anabebea pusha mzigo toka kijiwe hiki kwenda kile, malipo yake kete mbili. Singapore ukipatikana na hatia ya kusafirisha zaidi ya gramu 15 za heroini safi hukumu kwa kawaida ni kamba. Gramu 15 ni kama vijiko vitatu vinne vya sukari! Mjomba ulikuwa unaongelea shingo ya mtoto wa dada yako.

Na nilienda kusoma nani hasa wananyongwa huko. Nagaenthran Dharmalingam, Mmalaysia, gramu 42 na kidogo, akili yake ilipimwa (IQ) ikatoka 69, chini sana, walimnyonga Aprili 2022. Saridewi Djamani, mwanamke, gramu kama 30, Julai 2023. Na huyu aliniliza, Iwuchukwu Amara Tochi, kijana wa Nigeria aliyetaka kucheza mpira, alikamatwa uwanja wa ndege wa Changi 2004 na vidonge vya heroini, jaji mwenyewe akasema hakuna ushahidi wa moja kwa moja kwamba alijua amebeba nini, lakini sheria inasema ukikutwa nacho unahesabiwa unakijua mpaka uthibitishe hukijui. Januari 2007 wakamnyonga, ana miaka 21. Kila nikiona habari ya punda wa kwetu (mbeba dawa za kulevya) kakamatwa ughaibuni namfikiria yeye.

Wanaosema kunyonga kunasaidia hoja yao ni kwamba mitaa ya Singapore ni misafi, na kweli ni misafi, ila ni kisiwa kidogo chenye ulinzi mkali na hela. Hong Kong nayo ni bandari tajiri ya namna hiyohiyo, walinyonga mara ya mwisho 1966, na hawajazama kwenye unga. Iran wamenyonga watu wengi mno kwa makosa haya na nchi imejaa watumiaji, mpaka 2017 wakabadilisha sheria wakapandisha viwango vya mzigo wa kunyongewa, kunyonga kukapungua, miaka michache baadae wakazidisha tena. Kama ingekuwa dawa wangeshapona. Malaysia waliokuwa wakali kama jirani yao Singapore, 2023 waliondoa ulazima wa kunyonga, sasa jaji anaweza kutoa kifungo.

Kwetu msafirishaji wa mzigo mkubwa anafungwa maisha, na mimi sina shida na hilo. Disemba 2023 Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya walitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar na Iringa. Kilo jamani! Huo ni mzigo wa watu wenye maboti na maghala. Teja wa gramu kumi na tano hata hawajui sura, ukimnyonga yeye kesho asubuhi wanaajiri mwingine kwa kete mbili zilezile, ila ukimpa methadoni hiyo kazi haitaki tena maana hana arosto ya kumtuma. Hili sijalisoma popote, nimeliona sebuleni kwetu. Na aliyenyongwa huwezi kumfufua ukigundua ulikosea, mdogo wangu alihitaji kujaribu mara tatu.

Kwa wanaotaka kwenda: mpelekeni na ndugu anayekaa nae, muwahi asubuhi. Dozi ya kwanza ni ndogo makusudi, wanapandisha taratibu kwa usalama wake, kwa hiyo wiki za mwanzo atalalamika bado anaumwa na atataka kuchanganya na unga, hapo ndo hatari ya kuzidisha dozi, msimwache peke yake. Nauli tulikuwa tunamlipa bodaboda sisi wenyewe, mkononi tulianza kumpa mwezi wa nne wa matibabu.