R kwa masta ya takwimu: nimeitumia miaka miwili, hiki ndo nilichokiona

Wadau mnaoanza masta ya takwimu mwaka huu, naona kila siku mnaulizana nani ana SPSS (ile programu ya kulipia ya kuchambua takwimu) ya kukraki, jamani acheni, mtajaza virusi kwenye laptopu bure. Disateshoni yangu nzima nimeifanyia R, nayo ni programu ya kuchambua takwimu kwa kuandika amri, haina leseni ya kununua wala malipo, unapakua inakuwa yako hata ukimaliza chuo. Walioianzisha ni walimu wawili wa takwimu wa chuo cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na toleo la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Walikuwa wanataka kitu cha kufundishia wanafunzi wao, na kweli mimi imenifundisha.

Kilichonikuta ni hiki. Data yangu ni ya wanawake kutoka TDHS ya 2022, ule utafiti wa kitaifa wa demografia na afya Tanzania, nilijisajili mtandaoni nikaeleza utafiti wangu wakanipa bure. Sasa mwanzoni sijiamini, nikampelekea kijana mmoja wa steshenari jirani na chuo anayefanyia watu uchambuzi, nikamlipa hela yake, akanirudishia majedwali yamenyooka, thamani za p zote chini ya 0.05, yaani kila kigezo kinaonekana kina uzito kitakwimu, nikafurahi kweli. Msimamizi wangu akayaangalia kama dakika mbili hivi, akachukua penseli akazungushia mstari wa Zanzibar, akaniuliza, "Mwanangu, hivi Zanzibar ina watu wangapi?"

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar kati ya 61,741,120 nchi nzima, yaani kama asilimia 3. Lakini TDHS inataka majibu ya kila mkoa, na Zanzibar ina mikoa 5 kati ya 31, kwa hiyo wahojiwa wake wanakuwa wengi kuliko sehemu yao. Ndo maana kwenye faili kuna uzani, namba ya kumrudisha kila mhojiwa kwenye sehemu yake halisi, safu yake inaitwa v005, unaugawa kwa 1000000 ndo unautumia. Yule kijana hakuugusa. Na mimi niliyekaa darasani semista mbili nikisoma sampuli sikuuliza.

Nikarudi nikaanza upya na R. Kuna kifurushi (nyongeza unayoipakua ndani ya R) kinaitwa survey, cha Thomas Lumley, na uzuri wake hakikuachii uruke: kabla ya modeli unaandika svydesign, unakitajia klasta zako, yaani maeneo madogo walikochaguliwa wahojiwa, ni zipi (v021), strata, yaani makundi makubwa sampuli ilimogawanywa kabla ya kuchagua klasta, ni zipi, uzani ni upi. Pale ndo nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba wanawake wa klasta moja wanafanana, wanaenda zahanati moja, wanapita barabara moja, huwezi kuwahesabu kama watu waliookotwa kila mmoja kivyake. Makosa sanifu, yaani kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio, yakapanda, na kigezo kimoja nilichokuwa nimekiandikia kurasa nne kikakosa nguvu kabisa. Niliumia, ila nilikifuta.

Kosa moja msilirudie: mimi nilichuja wanawake ninaowataka kwanza halafu ndo nikatangaza dizaini (ile svydesign), R ikakataa ikisema kuna strata imebaki na klasta moja tu. Nilikesha na hilo siku mbili. Tangaza dizaini kwa data yote, halafu tumia subset, amri ya kuchuja, juu ya dizaini yenyewe.

Kitu kingine nilichokipenda ni skripti, yaani faili la amri zako zote. Msimamizi alibadilisha makundi ya umri mara tatu, mimi nabadilisha mstari mmoja naendesha tena, majedwali yote yanajipanga upya. SPSS nayo ina sintaksi, amri zake za kuandika, sikatai, ila kwetu wote tulikuwa tunabonyeza menyu tu, na ukiulizwa ulifanyaje mwezi uliopita huna cha kuonyesha.

Ubaya upo. R inabeba data yote kwenye RAM, laptopu yangu ya GB 4 ilikuwa inaganda nikifungua faili zima, ikabidi nibakize safu ninazozihitaji tu. Vifurushi vinakula bando, hasa ukiweka kimoja kinachoita vingine ishirini, kwa hiyo vipakue ukiwa maktaba kwa intaneti ya chuo na uvibebe kwenye flashi. Ujumbe wa makosa ni mkali na kwangu wote ulikuwa Kiingereza, wiki tatu za kwanza utatamani kuacha. Mimi nilikuwa naandika kila kosa kwenye daftari na nililolifanya hadi likaisha, na lile daftari sasa hivi liko kwa mdogo wangu wa mwaka wa kwanza.