Seti ya kutengenezea kadi kwa mkono: ubao safi, vingine hivyo hivyo

Wadau wa kadi, hizi seti za kwenye boksi la plastiki zimejaa Kariakoo siku hizi, ndani kuna ubao wa kukunjia, kikata karatasi kidogo, panchi za maua na moyo, kile kijiti cha kusokotea vijikaratasi viwe maua, gundi na makaratasi ya mapambo. Nimechukua moja kwa sababu oda za kadi za bethdei na kipaimara zilikuwa zinanitoa jasho na rula. Nimelipa elfu 38 baada ya kuvutana sana, wanaanzia hamsini, so usikubali bei ya kwanza.

Ubao ndo kitu. Ni plastiki tu yenye mifereji, unalaza karatasi, unapitisha kijiti chake kwenye mfereji unaoutaka halafu unakunja, mkunjo unatoka umenyooka kama umepigwa pasi. Ila kabla hujatoa hela angalia mifereji imeachana kiasi gani, hili wauzaji wengi hawakwambii maana hata wenyewe hawajui. Vipimo vya ubao ni inchi na sisi huku karatasi zetu ni A4, ukiikata A4 katikati unapata A5 ambayo urefu wake ni milimita 210, nusu yake ni 105, na hiyo inaangukia karibu kabisa na inchi 4 na 1/8. Ubao wenye mfereji kila 1/8 ya inchi unakupa kadi imekaa sawa. Ule wenye mfereji kila robo inchi unakupeleka 4 na robo, hapo upande mmoja unauzidi mwingine karibu milimita 6, na huwezi kumpa mteja kadi ya hivyo labda uikate tena pembeni.

Kikata karatasi kinaridhisha. Karatasi za kawaida za gramu 80 kinapita nazo bila shida, kwa karatasi nzito pitisha wembe taratibu mara mbili, usikandamize. Muulizie muuzaji kama ana wembe wa akiba, mimi sikupewa.

Panchi sasa, mmh. Kwenye manila nyepesi ile ya shuleni zinatoboa vizuri, ukienda gramu 300 zinakwama na moyo unatoka una ndevu pembeni. Nimezitobolea foili ile ya jikoni mara kadhaa zikachangamka kidogo, kidogo tu lakini. Na gundi yao ni maji matupu, ukipaka karatasi inajikunja, ukisubiri ikauke inabaki na mawimbi, mi nimeiweka pembeni natumia selotepu ya pande mbili. Kijiti cha kusokotea kiko poa kwa anayeanza, shida yake kina ufa wa kushikia karatasi na ule ufa unaacha kakona katikati ya ua, anayetaka kati iwe duara safi asokotee kwenye sindano nene, inachosha vidole ila utapenda.

Yale makaratasi ya mapambo yanavutia lakini ni mepesi, hayawezi kusimama kama kadi yenyewe, hayo ni ya kubandika juu. Kadi yenyewe kanunue karatasi pembeni stationery, kuanzia gramu 220 hadi 300, na hapa naomba mnisikilize: karatasi ina nyuzi, zinalala upande mmoja. Ishike uipinde kidogo bila kuivunja, kwanza huku halafu huku, upande unaokubali kirahisi ndo uelekeo wa nyuzi na mkunjo wako ufuate huo. Ukikunja kwa kukatiza nyuzi, karatasi ya rangi inapasuka mgongoni mstari mweupe unatokeza, halafu tunasema karatasi feki kumbe tumeikunja vibaya tu.

Bahasha hazimo kwenye boksi. Kadi ya A6, yaani ile A5 ukishaikunja katikati, inaingia kwenye bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162, na inaingia vizuri kama kadi ni bapa. Ukishainua maua kwa tepu ya sponji inakuwa kazi, bahasha inatuna na ukilazimisha inachanika ubavuni, kwa kadi za hivyo mi natengeneza bahasha mwenyewe kwa manila na mteja anaongeza buku. Hajakataa mtu mpaka sasa.