Kununua kampuni iliyopo au kujenga mpya ugenini?
Ukinunua kampuni iliyokwisha kusimama ng'ambo, unapata wateja, leseni na wafanyakazi kwa mkupuo. Ila unarithi na mazoea yao, na kufaulu si hakika. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, iliingia Ujerumani 1997 kwa kununua maduka ya Wertkauf, mwaka uliofuata ikaongeza ya Interspar. Ushindani wa bei ukaibana, na 2006 ikamwachia mshindani wake Metro maduka hayo, ikafungasha virago.

Kujenga mwenyewe kunakwenda polepole. Toyota ilitangulia kwa ubia na General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, kule California, 1984, ikawasoma wafanyakazi na wauza vipuri wa Marekani, ndipo kiwanda chake cha Kentucky kikaanza kutoa magari 1988. Mimi ningefuata njia hii, isipokuwa pale soko limeshajaa na mgeni hana pa kupenyea.