Mota ya sanaa inayozunguka polepole: ipi ununue Nairobi

Kabla ya kuuliza bei Luthuli Avenue, pima kazi yenyewe. Sanamu inayozunguka kwenye mhimili uliosimama wima, juu ya beringi nzuri, haihitaji mota kubwa: uzito unabebwa na beringi, mota inashinda msuguano tu. Kosa la kila siku ni kufunga kazi ya kilo nane moja kwa moja kwenye shafti ya mota. Bushi, yaani kikombe kinachoshika shafti, inalika upande mmoja, shafti inaanza kuyumba, na chumba kizima kinasikia mlio.

Weka kazi kwenye beringi yake, funga uzi sentimita 10 kutoka katikati, uvute kwa pembeni kwa kutumia mizani ndogo ya kupimia mizigo ya safari. Ikianza kusogea mizani ikisoma nusu kilo, hiyo ni kilo 0.5 mara sentimita 10, yaani kilo-sentimita 5 za nguvu ya kuzungusha. Tafuta mota yenye nguvu mara tatu ya hapo. Mhimili ukiwa umelala na kazi haijasawazishwa, mambo ni mengine: kilo 2 zilizokaa sentimita 30 kutoka katikati zinadai kilo-sentimita 60 peke yake. Ongeza uzito upande wa pili kwanza, ndipo ununue.

Kuhusu mwendo, kazi yenye upana wa mita 1 ikizunguka mara moja kwa dakika, ukingo wake unasafiri kama sentimita 5 kwa sekunde. Huo ni utulivu. Mara 5 kwa dakika ni nyingi mno kwa kazi ya ukubwa huo.

Nambari moja kwetu ni mota ya DC ya volti 12 yenye gia ya skrubu, ya mizunguko 1 hadi 5 kwa dakika. Ni kimya, na stima ikipotea kazi inabaki pale ilipo. Usikubali kuuziwa ya mizunguko 60 eti utapunguza volti: nguvu nayo inapungua, na mota inakwama au kwenda kwa kushtuka. Udhaifu wa gia hii ni kwamba haizungushwi kutoka nje. Mtoto akisukuma sanamu, meno yanakatika. Kwa hiyo usifunge shafti kwa nguvu kwenye kazi. Weka washa ya ngozi (kipande cha duara chenye tundu katikati) kati ya sahani mbili zinazobanwa na springi, ili kazi iteleze ikisukumwa.

Ya pili, kwa kazi nyepesi za karatasi, waya au shanga, ni mota ya sahani ya maikrowevu. Ni ya bei ndogo na haihitaji adapta ikiwa ni ya volti 220–240. Soma lebo, maana nyingine ni za volti 21, na hizo ukizichomeka ukutani zinaungua papo hapo. Jua pia kwamba nyingi hazichagui upande: stima ikirudi, kazi inaweza kuzunguka kinyume. Kama mwelekeo una maana katika sanaa yako, iache.

Mhimili ukiwa umelala, mota ya kuzungushia kuku wa kuchoma inafaa, kwani imeundwa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Mota ya waipa za gari kutoka Kirinyaga Road ina nguvu tele, lakini tunaiweka chini. Ina kelele, brashi zake zinaisha ikizunguka kutwa, na inakula ampea nyingi kuliko adapta ndogo inavyoweza kutoa. Mota ya hatua (stepper, inayosogea hatua ndogo ndogo) tunaiweka mwisho, ila kama unataka kazi isimame na kugeuka kwa mpangilio: inahitaji draiva, yaani saketi ya kuiendesha, na programu, na polepole inatetemeka kiasi cha kuonekana.

Ukishafunga, iache izunguke saa 24 ikiwa na mzigo wake kabla ya maonyesho. Zima, chomoa, gusa mwili wa mota. Ukishindwa kuushikilia sekunde tano, mzigo umezidi. Na fremu ya chuma yenye mota ya volti 240 lazima iunganishwe na waya wa ardhini, hata kwa maonyesho ya jioni moja.