Mashine ya kupima presha nyumbani: nzuri, ila muangalie ule mkanda

Assalam aleikum wanawake wenzangu. Hii mashine nimekaa nayo miezi 7 sasa hapa kwetu Langoni, Lamu, tunaitumia mimi na mamangu. Ni ile ya kufunga mkanda juu ya kiwiko, sio ya kifundo cha mkono. Nililipa shilingi 4,800 kwa chemisti moja Malindi nilipokwenda harusini.

Kwa nini nilinunua: mimba yangu ya pili presha ilipanda, uso ukavimba, mkojo ukaonekana una protini, wakasema ni dalili za kifafa cha mimba. Nikajifungua salama alhamdulillahi, presha ikashuka, nikaambiwa nenda nyumbani umepona, basi. Miaka 11 hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba mwanamke aliyepitia hayo hatari yake ya maradhi ya moyo baadaye ni kama mara mbili ya mwenzake, na presha yaweza kurudi yenyewe hata kabla hedhi haijakoma. Na aliyepata sukari ya mimba naye afaa apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kuzaa, kisha aendelee kupimwa kila mwaka au kila baada ya miaka mitatu, hata akijiona mzima. Hili laniuma sana, manake tukiwa na mimba twapimwa presha kila kliniki, mtoto akishatoka mama hana wa kumuuliza.

Sasa mashine. Siku ya kwanza nilimpima mama, ikaandika 163 kwa 95. Nilitetemeka. Nikapima tena ikaja 159, mama akasema "mwanangu, hiyo mashine yaongopa," mimi nataka kuita boti twende hospitali usiku usiku. Jirani yetu ni muuguzi, akaja, hakuangalia hata namba, akashika mkanda akanionyesha maandishi madogo pembeni: 22–32 cm, yaani unene wa mkono unaofaa mkanda ule. Akachukua tepu ya fundi cherehani akazungusha mkono wa mama katikati ya bega na kiwiko, 36. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na pale chemisti hakuna aliyeniuliza mashine ni ya nani wala mkono wake mkubwa vipi. Tena mama alikuwa ndio kwanza apanda ngazi kutoka chini, na muda wote wa kupimwa alikuwa aongea, hilo nalo hupandisha. Nikaagiza mkanda mkubwa wa 22–42, shilingi 1,500 nyingine, akakaa kimya dakika 5, ikatoka 144 kwa 87. Bado iko juu, lakini sio ya kutolea mtu roho.

Kwa hivyo twapima hivi: ushaenda msalani, nusu saa hujanywa chai wala kahawa, umeegemea kiti, miguu iko chini hujaikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi sio juu ya dera. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, ukiacha dakika moja katikati, siku 7, kisha wastani ndio wa kumpelekea daktari, namba moja pekee isikutishe. Kwa nyumbani wastani ukifika 135 kwa 85 ishahesabiwa iko juu, ile 140 kwa 90 ni ya kliniki. Ila ikiwa 180 kwa 120 na kifua chauma au mkono mmoja umekosa nguvu, usingoje wastani, kimbia.

Mama wiki yake ilitoka 141 kwa 86, daktari akamwanzishia dawa. Mimi nilitoka 137 kwa 86 na sikuwa nasikia lolote, kichwa hakiumi, nafua, napika, naenda sokoni. Sasa baada ya alfajiri naenda Shela kwa miguu kando ya bahari, na papa wa chumvi na achari nimepunguza, hilo ndilo gumu kuliko kutembea kusema kweli. Chumvi ya siku nzima haitakiwi kupita kijiko kimoja cha chai, sisi kipande cha papa tu kishamaliza. Wiki iliyopita wastani wangu ulikuwa 129 kwa 81.

Kasoro: haitengi kumbukumbu za watu wawili, namba zangu na za mama zachanganyika, ikabidi tuwe na daftari. Mkanda mkubwa ungekuja ndani ya boksi. Uzuri wake namba ni kubwa, mama asoma bila miwani, na ni ya betri nne, stima ikipotea twapima. Kabla ya kununua tafuteni modeli yenyewe kwenye tovuti ya STRIDE BP, wanaweka orodha ya mashine zilizohakikiwa, mimi niliangalia nishalipa, bahati yangu imo.

Nyota 4 kati ya 5. Muende na tepu dukani, mkono uwe ushapimwa.