Feni ya kutolea joto kwenye hema la miche: ipi ununue ukiwa Kisumu au Nakuru

Wasomaji wa Kisumu wamekuwa wakiniandikia malalamiko yanayofanana. Mtu amesimamisha hema la kuoteshea kwenye chumba cha nyuma, ametundika taa ya LED, amenunua feni yenye namba kubwa kwenye boksi, na bado miche ya nyanya inarefuka kama nyuzi na saladi inachanua kabla ya kukomaa. Feni inazunguka vizuri na stima ipo, lakini joto halitoki.

Kelele, rangi na rimoti sitazigusa; hayo utayaona mwenyewe dukani. Tuanze na hesabu, kwa sababu ile wanayotoa wauzaji ina tundu. Wanakuambia upime ujazo wa hema, kisha utafute feni inayobadilisha hewa yote mara moja kila dakika. Hema la mita 1.2 kwa 1.2, lenye kimo cha mita 2, lina mita za ujazo 2.88, basi unauziwa feni ya mita za ujazo 173 kwa saa. Hesabu hiyo haiulizi umeweka taa gani. Ukiweka ya wati 240 au ya wati 480 jibu halibadiliki, ilhali karibu kila wati inayoingia kwenye taa huishia kuwa joto humo humo hemani.

Anza na wati. Zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi za joto unazokubali hema lizidi hewa ya nje. Wati 240 mara 3 ni 720. Ukikubali nyuzi 4, unahitaji mita za ujazo 180 kwa saa. Kwa wati 480 ni 360. Hiyo 3 ni ya usawa wa bahari, kwa hiyo watu wa Mombasa waitumie ilivyo. Sisi huku juu hewa yetu ni nyepesi na hubeba joto kidogo zaidi kwa kila mita ya ujazo. Kisumu, iliyo mita 1,131 hivi juu ya bahari, ongeza asilimia 12. Nakuru, karibu mita 1,850, ongeza asilimia 20. Zile 180 sasa ni kama 200 Kisumu na 216 Nakuru. Boksi likiwa na CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Namba iliyo kwenye boksi imepimwa feni ikipuliza hewa wazi, bila bomba, bila kona, bila chujio. Ukiifunga kwenye bomba la kukunjika lenye mikunjo ndani na kona mbili za kutokea dirishani, hewa inagoma. Feni ndogo ya bafuni ya milimita 100 husukuma kwa presha ya paskali 30 hivi tu, na kwa bomba refu nguvu hiyo imekwisha kabla hewa haijafika nje. Kwa hiyo muulize muuzaji mchoro wa presha: mstari unaoonyesha feni inatoa hewa kiasi gani presha inapopanda. Akikosa mchoro, ondoka. Kwa bomba fupi lenye kona moja au mbili mimi huongeza nusu juu ya hesabu. Bomba livute linyooke, na tundu la kuingizia hewa lisiwe dogo kuliko la kutolea. Kuta za hema zikibonyea sana ndani, hewa inakosa pa kuingilia.

Chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni Soler & Palau mfululizo wa TD. Ni kampuni ya Uhispania iliyoanza Ripoll mwaka 1951, na michoro yake ya presha iko wazi kwa yeyote anayeitaka. Pangaboi lake husukuma hewa mbele na kuirusha pembeni kwa pamoja, ndiyo maana bomba haliishindi upesi. Namba ya pili kwenye jina ni kipenyo cha bomba kwa milimita. Kwa hema letu la wati 240 ningechukua TD-500/150, ambayo ina kasi mbili, niiendeshe kwa ya chini.

La pili ni AC Infinity Cloudline. Mota yake ni nzuri na kasi inapangika kwa hatua, ila soma lebo kwanza: stima yetu ni volti 240, na bidhaa nyingi za soko la Marekani ni za 120 pekee. La tatu ni feni ya chuma ya duara inayorusha hewa pembeni, ya kampuni yoyote yenye mchoro.

Feni za bafuni na zile za kusukumia hewa katikati ya bomba zinafaa rafu moja ya miche tu, zikipuliza kupitia tundu la ukutani, bila bomba. Basi.

Watu wa Kisumu wajue pia kwamba feni haishushi joto chini ya lile la nje. Alasiri ya nyuzi 30 ukiongeza 4 ni 34, na saladi haivumilii. Washeni taa usiku, zizimike kabla ya adhuhuri. Nakuru shida ni kinyume: usiku wa baridi feni inayozunguka bila kukoma inaua miche, kwa hiyo nunueni kidhibiti joto pamoja nayo.

Na bei! Feni ile ile, lebo ile ile, kwenye duka la vifaa vya bafu ni nafuu kuliko kwenye duka linalojiita la kilimo cha kisasa. Msomaji mmoja wa Nakuru aliuziwa feni iliyobandikwa stika juu ya lebo ya mtengenezaji. Alipoibandua, namba ya chini ilikuwa ndogo kuliko ya juu, na muuzaji akakataa kuirudisha kwa sababu boksi limefunguliwa. Mkifika dukani msiseme ni ya miche. Semeni mnataka feni ya bomba la milimita 150, ombeni boksi lifunguliwe mbele yenu, na mpitishe ukucha pembeni mwa lebo kabla ya kutoa pesa.